Daftari Lilitangulia Mzinga

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, walimu, na nyinyi vijana mliokaa mpaka kwenye ngazi, ahsanteni kwa kuja jioni hii. Nimeombwa nizungumze juu ya Waingereza na nyumba ya Busaidi: namna mabalozi wa Malkia walivyowasukuma masultani wetu wabadilishe serikali yao. Nimefanya kazi ya ukarani wa hesabu kwa miaka 31. Historia nimeisoma usiku, baada ya kufunga vitabu vya afisi. Kwa hiyo nitaisimulia kama mtu wa hesabu, kwa sababu naamini jambo hili la Unguja, ukiliangalia kwa jicho la hesabu, linaonekana vizuri kuliko ukiliangalia kwa jicho la vita.

Kila siku pale Forodhani wageni wanahadithiwa vita vya dakika 38. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Mwingereza zikapiga kasri, Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha Sultani, akakimbilia kwa balozi wa Mjerumani, ikawa imekwisha. Wageni wanacheka, wanapiga picha, wanakwenda kula urojo. Na watoto wetu skuli wanaijua tarehe hiyo kwa moyo. Lakini waulizeni juu ya Oktoba 1891. Nimewauliza wengi, na walimu wao pia. Hawaijui. Na mimi nasema utawala wa Unguja ulichukuliwa Oktoba 1891, bila ya risasi hata moja, kwa kalamu na daftari. Mzinga wa 1896 ulikuja kumwambia asiyesikia jambo lililokwishapita.

Nianze kwa kueleza serikali ilikuwaje kabla, maana mtu hawezi kujua kilichoondolewa ikiwa hajui kilichokuwapo.

Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake hapa kutoka Maskati, hakuja na wizara wala kamati. Alikuja na meli, jamaa zake, na akili ya biashara. Pato kubwa la serikali lilikuwa ushuru wa forodha, na ushuru huo hakuukusanya yeye. Aliukodisha. Nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kachi, ililipa fedha maalumu kila mwaka, ikakusanya ushuru wote wa pwani, na kilichozidi kikawa chake. Baadaye, zama za Seyyid Barghash, akaja Taria Topan. Sultani akihitaji fedha kabla ya mwaka kwisha, alikopa kwa huyo huyo aliyekodi forodha. Hapakuwa na mstari baina ya mfuko wa Seyyid na mfuko wa nchi. Aliyetaka haki alikwenda barazani, akasimama mbele yake, akasema shida yake; akipewa, kapewa, akinyimwa, kanyimwa.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani naisifu serikali hiyo. Ndani yake mlikuwa na utumwa. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalipaliliwa na kuchumwa na watu walioletwa kutoka bara kwa minyororo, na ushuru wa kila kichwa kilichopita sokoni uliingia katika hesabu ile ile niliyoisema. Wengi katika ukumbi huu ni wajukuu wa watu hao. Wengine ni wajukuu wa waliowamiliki. Wengi zaidi ni wajukuu wa wote wawili. Serikali ile ilistahili kubadilishwa, na atakayesema vinginevyo sitokubaliana naye. Mas-ala yangu ni mengine: nani aliibadilisha, na baada ya kuibadilisha, serikali ikawa inatoa hesabu kwa nani?

Mkono wa Mwingereza katika nyumba hii ulianza zamani. Seyyid Said alipofariki 1856, wanawe wakagombana, Thuwaini Maskati na Majid hapa. Aliyekata shauri alikuwa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, mwaka 1861: ufalme ugawiwe, na Unguja ilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Tazameni vizuri. Hata hukumu ya urithi wa ndugu wawili ilimalizikia kwenye tarakimu. Na miaka miwili kabla, Barghash alipomwinukia kaka yake Majid, balozi wa Kiingereza Rigby alisaidia kumvunja, Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni. Barghash huyo huyo akaja kukalia kiti mwaka 1870. Alijua tangu ujana wake nani mwenye neno la mwisho.

Mwaka 1873 ikaja shindikizo ya biashara ya watumwa. Sir Bartle Frere alikuja Januari kwa ujumbe mkubwa, Barghash akakataa kutia saini. Alikuwa na sababu zake: kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja, na wenye mashamba walikuwa wakilia. Frere akaondoka mikono mitupu. Kazi ikabaki kwa balozi John Kirk, naye akapewa amri aseme wazi: usipotia saini, manowari zitaizunguka Unguja, hakiingii chombo wala hakitoki. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia saini. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na pale penye soko likaanza kujengwa kanisa lililopo mpaka leo.

Shindikizo ile ilikuwa na haki ndani yake. Nasema hivi kwa kinywa changu, na nitasema tena. Aliyekuwa katika jahazi akiletwa kuuzwa hakujali manowari ni ya nani. Lakini Kirk na wakubwa zake walijifunza jambo siku ile, nalo ni kwamba Sultani wa Unguja akitishwa, hutia saini. Na mtu akishajua mlango unafunguka kwa kusukumwa, hatobisha hodi tena.

Zama za Barghash zilikuwa za fahari. Alileta maji kwa mabomba kutoka Chemchem, watu wakateka bure. Alinunua meli za moshi. Alijenga kasri ya Beit al-Ajaib, ikamalizika 1883. Lakini mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa na ramani wakamkatia maili kumi za pwani. Katika tume iliyopima nchi yake mwenyewe walikaa Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Yeye hakuwa na mjumbe. Alifariki Machi 1888, nchi ya bara imeshakwenda.

Nikimbilie 1890, maana huko ndiko ninakotaka tukae.

Seyyid Ali bin Said alikuwa mtoto wa mwisho wa Seyyid Said kukalia kiti. Alikalia Februari 1890. Mwaka ule ule Mwingereza na Mjerumani wakabadilishana: Mjerumani akapata kisiwa cha Heligoland, Mwingereza akabaki na Unguja. Novemba 1890 himaya ikatangazwa, yaani Unguja ikawekwa chini ya ulinzi wa Mwingereza. Katikati, tarehe 1 Agosti, Seyyid Ali alitia saini amri ya kukataza kununua na kuuza watumwa ndani ya nchi, na ndani yake mlikuwa na kifungu kinachomruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha zake. Mji ukachemka. Hazikupita wiki tatu, kifungu kile kikaondolewa. Seyyid akawa amewaudhi matajiri wake kwa kutia saini, na amewaangusha watumwa kwa kuirudisha nyuma. Akabaki hana wa kumtetea upande wowote, ila balozi.

Mwaka 1891 akaja Gerald Portal kuwa balozi mkuu. Kijana bado, hajafika miaka 35, hodari na mkali wa kalamu. Aliiandikia serikali yake kwamba utawala aliokuta hapa ni udhalimu wa Kiarabu wa kizamani, tena wa namna mbaya kabisa. Na Oktoba akafanya kazi aliyoijia.

Alichofanya ni hiki. Alitenga mfuko wa Sultani na mfuko wa nchi. Seyyid akakatiwa posho ya rupia 250,000 kwa mwaka, hizo ndizo zake na nyumba yake. Pato lote jengine, forodha, kodi, bandari, likaingia serikalini. Akamweka Lloyd Mathews kuwa Waziri wa Kwanza. Mathews alikuwa afisa wa manowari za Kiingereza aliyeingia kazini kwa Barghash zamani kufundisha askari, kwa hiyo watu walimjua, alikuwa mtu wa hapa. Chini yake wakawekwa Wazungu, kila idara na mkubwa wake. Na kikawekwa kifungu ambacho mimi nikikisoma huwa nanyamaza kidogo: maofisa hao Sultani hawezi kuwaondoa bila ya ridhaa ya balozi wa Kiingereza.

Nataka vijana wanielewe hapa, kwa hiyo nitatoa kisa cha kazini kwangu. Afisi sitoitaja. Palikuwa na mkubwa wetu, mtu mzima, mwenye heshima zake. Mlango wake asubuhi haukosi watu kumi, kumi na tano, kila mmoja na karatasi. Siku moja ikaja barua kutoka juu: kuanzia leo hati za malipo zitatiwa saini na bwana mwengine, ghorofa ya pili. Mkubwa wetu hakufukuzwa. Cheo kilibaki, kiti kilibaki, gari ilibaki, picha yake ukutani ilibaki. Sisi makarani tulisimama tukimwona anapita, tunamwamkia vile vile. Lakini baada ya wiki mbili mlangoni pake palikuwa hapana mtu. Wote walikuwa ghorofa ya pili. Hakuna aliyewaambia wahame. Aliyekuwa akiingia kwake ni mleta chai tu, na mimi siku nyengine, kwa sababu nilimwonea huruma. Aliniambia: "Kijana wangu, mimi nimezikwa nikiwa nimekaa."

Hayo ndiyo yaliyompata Seyyid Ali bin Said Oktoba 1891. Bendera nyekundu ilipepea. Mizinga ya salamu ilipigwa. Jina lake lilitajwa katika hotuba ya Ijumaa. Lakini mtu wa Pemba mwenye shida, kadhi anayengoja mshahara, nahodha mwenye kesi ya ushuru, wote walijifunza njia mpya ya kupita. Alifariki Machi 1893, hata miaka miwili haijatimia.

Na sasa niseme upande wa pili, kwa haki. Portal aliweka hesabu. Mapato yakaandikwa, mwaka 1892 Unguja ikafanywa bandari huru ili biashara isikimbilie pwani ya Mjerumani. Kama karani nitamlaumu vipi mtu kwa kutenga mfuko wa mtawala na mfuko wa nchi? Jambo hilo tulilihitaji, na lingefanywa na sisi lingekuwa fahari yetu. Kasoro yangu na Portal iko mahali pamoja. Daftari lile lilifunguliwa, lakini lilifunguliwa kuelekea London. Mchumaji wa karafuu wa Wete hakupata kuliona, wala mvuvi wa Nungwi, wala tajiri wa Malindi. Kabla yake Seyyid hakumtolea hesabu mtu yeyote. Baada yake serikali ilitoa hesabu kwa balozi, na balozi kwa wakubwa zake Ulaya. Raia alitoka mikono mitupu mara zote mbili.

Hivi sivyo wanavyosema wenye kuitetea kazi ile. Wao husema walileta serikali safi. Basi naomba tuchukue hesabu moja tu tuipige pamoja. Wenye kalamu, andikeni.

Wajerumani walipochukua pwani ya bara, kuanzia Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam mpaka Kilwa na kusini yake, walimlipa Sultani maki milioni nne, fedha za Kijerumani. Ni pauni 200,000. Bei ndogo kwa pwani nzima, lakini iwe. Fedha hizo hazikuja kukaa Unguja, ziliwekwa London. Sasa upande wa kaskazini, pwani ya Mombasa, Barghash alikuwa ameikodisha 1887 kwa wafanyabiashara wa Kiingereza, wale waliokuja kuwa Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Kampuni ikashindwa. Mwaka 1895 Serikali ya Uingereza ikaamua kuivunja na kuchukua nchi yenyewe. Kampuni ikataka fidia. Ikalipwa pauni 250,000, na sehemu kubwa zaidi ya fedha hizo ikatoka wapi? Katika zile 200,000 za Sultani zilizokuwa London.

Nieleze kwa lugha ya nyumbani. Una nyumba mbili. Moja jirani ameichukua kwa nguvu, akakupa fedha kidogo ya kukunyamazisha. Fedha umemwekea rafiki yako. Nyumba ya pili umempangisha mtu, mpangaji amefilisika. Rafiki yako anachukua zile fedha zako, anamlipa mpangaji aondoke, halafu yeye mwenyewe anahamia ndani. Wewe anakwambia: nitakuwa nakupa kodi.

Kodi hiyo ilikuwa pauni 11,000 kwa mwaka. Na juu yake akaongezewa 6,000. Kwa nini 6,000? Pigeni: asilimia 3 ya 200,000. Ni riba ya fedha yake mwenyewe. Jumla 17,000, na zikalipwa mwaka baada ya mwaka kwa ukanda ule wa pwani, hata masultani waliotia saini wameshaoza kaburini, mpaka Oktoba 1963 ulipoachiwa Kenya.

Katika 1895 hapakuwa na mtu Unguja wa kusimama akasema: fedha hii ni yetu, haitoki. Seyyid alikuwa na posho. Waziri wa Kwanza alikuwa Mathews. Balozi mkuu alikuwa Arthur Hardinge. Ndiyo maana nasema tuifundishe 1891. Bila ya 1891, hesabu ya 1895 isingepita.

Seyyid wa wakati huo alikuwa Hamad bin Thuwaini. Alipotawala 1893, Khalid bin Barghash alijaribu kuingia kasrini akazuiliwa, na Hamad kabla ya kutangazwa alitakiwa kwanza akubali masharti ya Waingereza. Lakini Hamad hakuwa mtu wa kukaa tu. Akajikusanyia askari wake mwenyewe, mbali na wale wa Mathews. Waingereza wakaona, wakamtaka awapunguze. Nafikiri Hamad alielewa kilichotokea 1891, na alijaribu kukirudisha kwa njia pekee iliyobaki mkononi mwake. Alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896.

Khalid akaingia kasrini siku ile ile. Mengine mnayajua. Balozi wa Kiingereza, Basil Cave, akampa muda mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27, Admirali Rawson akafyatua. Meli ya Seyyid, Glasgow, ikazama hapo mbele ya Forodhani, na milingoti yake ikabaki inachomoza majini kwa miaka. Watu wapatao 500 waliuawa na kujeruhiwa upande wetu. Upande wao alijeruhiwa baharia mmoja. Mimi sijapata kucheka nikisikia zile dakika 38. Waliokufa hawakuwa wakubwa wa nyumba ya Busaidi. Wengi wao walikuwa watumishi, watumwa na askari wa kasri. Alasiri ile Hamoud bin Muhammed akawekwa kitini. Khalid akapelekwa Dar es Salaam kwa manowari ya Mjerumani, Waingereza wakaja kumkamata huko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakamzungusha Seychelles na Saint Helena, na akafia Mombasa 1927.

Baada ya mzinga kila kitu kilikuwa chepesi. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud alitia saini amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Siku hiyo ni kubwa, na mimi naona ni aibu kwetu kwamba hatuisomi kwa makini. Someni masharti yake. Mtumwa hakuachiwa huru kwa amri ile. Ilimlazimu aende mahakamani mwenyewe, aombe. Bwana wake alilipwa fidia. Aliyeachiwa hakulipwa kitu. Tena alitakiwa aonyeshe atakaa wapi na atakula nini, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Na Hardinge, mwakilishi wa nchi iliyojitangaza duniani kuwa adui wa utumwa, ndiye aliyekuwa akiwaandikia wakubwa wake wasiharakishe, akihofia karafuu zitakosa wachumaji na hazina itakosa ushuru. Mnaona linavyorejea kwenye daftari? Aliyekuwa akisubiri uhuru wake shambani Pemba alisubiri kwa sababu ya mstari mmoja wa mapato.

Yupo mtu mmoja katika kisa hiki ambaye mimi humfikiria sana. Ali bin Hamoud. Baba yake alimpeleka Uingereza akasome Harrow, skuli ya watoto wa wakubwa wao. Akarudi anajua Kiingereza chao na desturi zao. Hamoud alipofariki Julai 1902, Ali alikuwa bado mdogo, akawekewa mwangalizi, Bwana Rogers, ambaye ndiye pia Waziri wa Kwanza, mpaka 1905. Alipokabidhiwa kiti akataka kutawala. Alidhani, na angekosaje kudhani, kwamba waliomfundisha namna serikali inavyoendeshwa wangemwacha aiendeshe. Mwaka 1906 ukaja mpango mpya kutoka kwa balozi mkuu, idara zikakazwa zaidi mikononi mwa Waingereza. Ali akaanza kukaa sana Ulaya. Mwaka 1911 alikwenda kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano, na kutoka huko huko, Desemba, akajiuzulu. Alifia Paris 1918. Waliandika juu yake kuwa alikuwa mtu wa anasa. Inawezekana. Lakini mtu aliyesomeshwa kazi kisha akanyimwa kazi, mlitaka ashinde akifanya nini?

Akaja shemeji yake, Khalifa bin Harub, aliyezaliwa Maskati, akakaa kitini miaka 49. Wazee hapa wanamkumbuka katika gari yake jekundu, na watoto wakimpungia mkono. Alikuwa mtulivu, mpole, mwenye dini. Alikubali mahali alipowekwa, na kwa hilo alipendwa na Waingereza, na kwa upole wake alipendwa na wengi wetu. Zama zake nchi ikahamishwa, tarehe 1 Julai 1913, kutoka Wizara ya Nchi za Nje ya London kwenda Wizara ya Makoloni. Himaya kwa jina, koloni kwa faili. Cheo cha balozi mkuu na cha Waziri wa Kwanza vikaunganishwa, akapatikana Mwakilishi wa Kiingereza, ambaye sisi tulimwita Balozi tu.

Mwaka 1926 likaja Baraza la Kutunga Sheria. Wengine huliita mwanzo wa siasa za kisasa Unguja. Basi tuhesabu viti. Maofisa wa serikali wengi zaidi, ili lisishinde jambo wasilolitaka. Wasio maofisa sita, wote wa kuteuliwa: Waarabu 3, Wahindi 2, Mzungu 1. Waafrika na Washirazi, waliokuwa wengi wa nchi, sifuri. Mwafrika wa kwanza aliingia 1946, miaka 20 baadaye. Baraza lile halikumuuliza mtu yeyote anataka nini. Lilimuuliza ni kabila gani, kisha likamwonyesha kiti au mlango. Na mtu akiulizwa kabila lake miaka 30 mfululizo, kila anapotaka kusema na serikali, mwishoni huja akalijua kuliko anavyolijua jina la jirani yake.

Mageuzi ya kweli, ya kura, yakaja kwa haraka mwishoni. Mwaka 1954 Jumuiya ya Waarabu ikatoka barazani kwa hasira baada ya viongozi wake kushitakiwa kwa uchochezi kwa yaliyoandikwa katika gazeti lao la Al-Falaq, nayo ikataka kura ya pamoja isiyotazama kabila. Waingereza wakavutana nao mwaka na nusu. Julai 1957 watu wakapiga kura kwa mara ya kwanza, viti sita. Kutoka hapo mpaka uhuru wa Desemba 1963 ni miaka sita na miezi. Kutoka uhuru mpaka Mapinduzi ya Januari 12, 1964, siku 33.

Hesabuni tena. Kutoka Portal mpaka kura ya kwanza, miaka 66. Kutoka kura ya kwanza mpaka damu, sita na nusu. Miaka 66 ya kuifundisha nyumba moja namna ya kumtii balozi, kisha miaka sita ya kuwataka watu wote wajue kushindana bila ya kuuana. Sisemi Waingereza peke yao ndio wenye lawama ya 1964, tuna yetu na tutayajibu. Nasema mpango wa kazi ulikuwa huo, na muda ulipangwa na wao.

Walimu mlioko hapa, nina ombi. Mwaka huu mkiwapeleka watoto Forodhani, wasimamisheni mbele ya Beit al-Ajaib, pale palipoanguka Desemba 2020. Waambieni habari ya mizinga, wataifurahia, ni watoto. Halafu wapeni karatasi waandike: 200,000, mara 3, gawanya kwa 100. Waulizeni fedha ilikuwa ya nani, ilikaa wapi, nani alitia saini ilipotoka. Mimi nililifanya hilo na wajukuu zangu, na yule mdogo, ana miaka tisa, alipomaliza kupiga hesabu aliniuliza: "Babu, na sasa hivi daftari liko kwa nani?"

Sijamjibu bado. Naona mzee pale mbele ameinua bakora yake tangu nilipomtaja Seyyid Khalifa, ana la kusema. Naomba apewe kipaza sauti.